Darasa Limepona, Mtoto Je?



Ndugu msomaji, mtu aliyekula siku sita za Ramadhani kwa ugonjwa au safari analijua deni lake. Ni siku sita. Akifunga sita amelipa. Akifunga tano imebaki moja. Hahitaji mtaalamu wa takwimu kumwambia amefika wapi. Tena deni hilo lina jina la mwenyewe. Dada wanne wa chumba kimoja cha hosteli hawawezi kujumlisha siku zao, wakagawanya kwa nne, kisha aliyefunga nyingi akawafutia wenzake.

Deni tunalolizungumza katika somo hili halina urahisi huo. Ni deni la masomo walilobaki nalo watoto wa Uganda baada ya shule kufungwa wakati wa korona. Tangu shule zifunguliwe tumesikia mara watoto wameshafidia, mara kizazi kizima kimepotea. Kauli zote mbili ni madai ya kipimo, na mwanafunzi wa chuo, awe wa ualimu, takwimu, udaktari au sharia, anatakiwa aulize: umepima nini, umempima nani, na umemlinganisha na nani? Hoja yangu ni kwamba darasa linaweza kupona huku watoto waliougua hawajapona. Hesabu za kuonyesha hilo ni ndogo, za kufanya kwa vidole.

Deni lenyewe

Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Wanafunzi wapatao milioni 15 wakarudi nyumbani. Wengi wetu tunaukumbuka mwezi ule pia kwa sababu misikiti ilifungwa, na Ramadhani iliyofuata tarawehe tuliziswali majumbani. Oktoba 2020 waliruhusiwa kurudi wa madarasa ya mitihani peke yao: la saba, kidato cha nne na cha sita. Mwaka 2021 wengine wakaanza kurudishwa kwa zamu, wakubwa kwanza. Darasa la kwanza hadi la tatu walipangiwa Juni 2021. Juni hiyohiyo, kabla hawajakaa kwenye madawati, shule zikafungwa tena nchi nzima. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022.

UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa, kikamilifu au kwa sehemu, na kwa hesabu hiyo Uganda ilikuwa ya kwanza duniani. Majirani zetu Tanzania walifunga katikati ya Machi 2020 na kufungua mwishoni mwa Juni mwaka huohuo.

Lakini 83 ni namba ya nchi, si ya mtoto. Kijana wa darasa la saba alikaa nyumbani takriban miezi saba. Mdogo wake wa darasa la kwanza, chini ya paa lilelile, alikaa karibu miezi ishirini na miwili. Na hata tukihesabu miezi ya kila mmoja, bado hatujapima deni, maana mwezi mmoja hauwagharimu watoto wote sawasawa. Aliyekuwa ameshaanza kusoma hadithi mwenyewe, na nyumbani kuna vitabu na mama anayesoma, huenda aliendelea vizuri tu. Aliyekuwa amefika herufi ya sita, na nyumbani hakuna karatasi ila risiti za duka, aliweza kuzipoteza hata hizo sita. Masomo ya redio na televisheni yalimfikia mwenye redio na televisheni.

Januari 2022 wote walipandishwa darasa moja bila mtihani, na silabasi ikafupishwa. Uamuzi huo siulaumu. Madarasa yangejaa hadi milangoni. Ila ulivuruga kipimo, kwa sababu kuanzia siku ile jina la darasa halikueleza tena mtoto amejifunza nini.

Fumbo la mwaka 2021

Afrika Mashariki tuna chombo kizuri cha kupima masomo, na jina lake ni la Kiswahili: Uwezo. Kilianza Kenya mwaka 2009, kisha Tanzania na Uganda, kwa kufuata mfano wa ASER, kazi iliyoanzishwa India mwaka 2005 na shirika la Pratham. Namna yake ni nyepesi. Watu wa kujitolea huenda nyumba kwa nyumba, si shule kwa shule. Mtoto hukaa peke yake na mpimaji akapewa karatasi: kwanza herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili pamoja na maswali ya kuona kama ameielewa. Hesabu nayo hivyohivyo, kutoka kutambua namba hadi kugawanya. Huandikwa pale mtoto alipofika, si alama ngapi kati ya mia.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu ukipima shuleni utawapima waliopo shuleni. Linaonekana jambo dogo, nasi tutalirudia.

Uwezo Uganda walipima mwaka 2018, kabla ya korona, wakapima tena 2021, shule zikiwa zimefungwa. Chukua watoto wa darasa la tatu hadi la saba. Walioweza kusoma na kuelewa hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili walikuwa asilimia 32.5 mwaka 2018. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 39.5. Walipanda! Sasa tazama upande wa pili wa karatasi ileile: wasioweza kutambua hata herufi walikuwa asilimia 6.2, wakawa asilimia 11.6. Nao waliongezeka, karibu mara mbili.

Gazeti likichukua namba ya kwanza litaandika kwamba shule zilifungwa na watoto wakasoma zaidi. Likichukua ya pili litaandika maafa. Zote mbili ni kweli. Watoto walinyooshwa kama mpira, mwisho mmoja ukaenda mbele na mwingine nyuma, na wastani ukiwa katikati hausemi lolote kuhusu mivutano hiyo.

Kuna mambo mawili ya kipimo ndani ya fumbo hili ambayo kila anayesoma ripoti za namna hii anapaswa kuyashika.

La kwanza ni umri. Mwaka 2021 wengi walikuwa hawajapandishwa. Mtoto aliyeitwa wa darasa la tatu mwaka 2021 ni yuleyule aliyekuwa la tatu mwaka 2020, ila amekua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukimlinganisha na mtoto wa darasa la tatu wa 2018 unamlinganisha mkubwa na mdogo kwa sababu tu wanaitwa jina moja. Sehemu ya ile nafuu inaweza kuwa ni hiyo tu. Njia ya haki ni kulinganisha wenye miaka kumi wa 2018 na wenye miaka kumi wa 2021, darasa lolote walilomo. Baada ya Januari 2022 upotofu huo unageuka kwa baadhi ya watoto: wamesogezwa mbele kwa jina bila kusoma cha darasa walilotoka.

La pili ni wasiokuwepo, na hili ndilo linalonikera zaidi. Tuchukue darasa la kubuni lenye watoto kumi. Mwaka 2020 watatu wanaweza kusoma hadithi, saba hawawezi. Hiyo ni asilimia 30. Shule zinafungwa; hakuna anayejifunza chochote, hata herufi moja. Shule zinafunguliwa na wawili hawarudi: mmoja anauza chapati kando ya barabara, mwingine amezaa. Wote wawili walikuwa miongoni mwa wale saba, na mara nyingi ndivyo ilivyo, kwani anayesumbuka na masomo na umaskini kwa pamoja ndiye hutangulia kutoka. Wamebaki wanane, watatu wanasoma. Tatu kwa nane ni asilimia 37.5. Mwalimu mkuu anaweza kusimama mbele ya wazazi akasema, bila kusema uongo hata neno moja, kwamba usomaji umepanda kutoka 30 hadi 37.5. Kilichobadilika ni namba ya chini ya sehemu.

Sisemi kwamba matokeo ya Uwezo ya 2021 yametokana na hilo. Nasema asilimia yoyote ya watoto wa darasa fulani, baada ya tukio lililowatoa watoto shuleni, lazima iulizwe swali hilo kabla ya kushangiliwa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Hayo yalikuwa makadirio, si hesabu ya vichwa. Lakini hata kama walioachwa nyuma ni theluthi ya makadirio hayo, ni mmoja katika kila kumi, na umeona hapo juu watoto wawili tu wanavyoweza kuigeuza namba.

Kwa sababu hiyo mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, usitumiwe kama kipimo cha kupona. Baraza la Mitihani la Uganda halikuutunga kwa kazi hiyo. Ni mtihani wa kupanga watahiniwa katika madaraja, karatasi yake hubadilika kila mwaka, na mwenye kuufanya ni yule aliyefika darasa la saba na kusajiliwa. Aliyeishia darasa la nne hana alama mbaya katika PLE. Hana alama kabisa. Mwaka 2021 wenyewe hauna PLE: watahiniwa wa mwaka wa masomo wa 2020 walifanya Machi 2021, na waliofuata Novemba 2022.

Darasa limepona

India inatupa mfano wa kupona uliopimwa kwa miaka, na ndiko nilikolipata jina la makala haya. Huko ASER hupima vijijini. Mwaka 2018, katika kila watoto 100 wa darasa la tatu, takriban 27 waliweza kusoma maandishi ya darasa la pili. Mwaka 2022, baada ya shule zao kufungwa muda mrefu, walikuwa 20.5. Mwaka 2024 walikuwa 27.1. Ukichora mstari utaona shimo, kisha mstari unapanda mpaka ulipokuwa. Wamepona.

Nani kapona? Mtoto wa darasa la tatu mwaka 2024 alikuwa na miaka kama minne mwaka 2020. Hakufungiwa shule ya msingi, kwa sababu alikuwa hajaianza. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2022, yule wa lile shimo, mwaka 2024 yuko la tano, naye ana mstari wake mwingine wa kutazamwa. Darasa la tatu ni kama chumba cha hospitali: kitanda kikiwa na mtu mwenye afya leo, haimaanishi mgonjwa wa jana alipona. Huenda alihamishiwa wodi nyingine.

Na tusisahau kwamba walichorudia ni 27 katika mia. Vivyo hivyo kwetu. Mstari wa 2018 ambao tunapigania kuufikia unasema theluthi mbili ya watoto wa la tatu hadi la saba hawakuweza kuelewa hadithi ya darasa la pili. Anayesema tumerudi tulipokuwa aulizwe tulikuwa wapi.

Kwa nini basi mtoto asipone mwenyewe, akisharudi darasani na miaka ikapita? Jibu bora ninalolifahamu linatoka Pakistan. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko kubwa lilipiga kaskazini mwa nchi ile. Shule za eneo lililoathirika zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi. Misaada ilikuja, nyumba zikajengwa, watu wakanyanyuka. Miaka minne baadaye watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto. Waliokuwa wakiishi karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao wa mbali kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa shule. Wiki 14 hazifiki hata nusu mwaka. Maana yake ni kwamba pengo liliendelea kupanuka baada ya watoto kurudi. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: mwalimu alianza pale silabasi ilipoandika, mtoto akawa hafuati somo la kwanza, akashindwa la pili lililojengwa juu yake, na kadhalika.

Kuna jambo la pili katika utafiti ule. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi hawakuonyesha pengo hilo. Mama wa shule ya msingi tu, si wa digrii. Sasa mrudie yule msichana wa mfano wetu, aliyezaa na hakurudi Januari 2022, ambaye kutokuwepo kwake kuliipendezesha asilimia ya darasa. Kwa kipimo cha Pakistan, yeye ndiye kinga ambayo mwanawe hatakuwa nayo.

Mizani

Katika Qur'ani kuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo: wakipimiwa wao wanataka kijae, wakiwapimia watu wanapunguza. Ni Al-Mutaffifin, sura ya 83. (Namba hiyo na wiki 83 ni sadfa tu, asije mtu akaitungia mhadhara.) Tumezoea kuisoma tukiwafikiria wenye maduka Owino na Nakasero. Lakini mwenye kupima elimu ya watoto naye ana mizani mkononi. Wakati wa kuomba fedha za mradi anawahesabu watoto wote wa kijiji, pamoja na wasiosoma, ili haja ionekane kubwa. Wakati wa kutoa ripoti ya mafanikio anawahesabu waliohudhuria hadi mwisho. Kipimo kimejaa upande mmoja na kupungua upande mwingine, na hakuna namba hata moja ya uongo ndani yake. Baadhi yetu tutaajiriwa na miradi ya namna hiyo, na wengine tumeshaifanyia kazi za likizo.

Kuna kipimo kingine tunachokijua tangu utotoni, nacho ni cha madrasa. Ustadhi hukaa, watoto wakamjia mmoja mmoja. Huyu yuko An-Nabaa, yule yuko Al-Fiil, mwingine bado yuko alifu kwa ujiti. Hakuna anayemuuliza ustadhi wastani wa sura za darasa lake. Mtoto akiugua miezi miwili, akirudi anasikilizwa mpaka pajulikane pale ulimi wake unapokuwa imara, na anaanzia hapo, hata kama wenzake wako mbali. Walichokifanya Pratham India, kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa, kingekuwa kigeni kwa wizara nyingi lakini si kwa ustadhi. Kasoro ya madrasa zetu iko kwingine: tunasikiliza matamshi na mara chache tunauliza maana. Kwa kipimo cha Uwezo, anayesoma hadithi yote kwa sauti nzuri akashindwa maswali hajafaulu.

Likizo ijayo

Wengi wenu hufundisha watoto likizo katika misikiti ya nyumbani, na mwisho huandikwa kwamba watoto kadhaa wamefaidika. Ninapendekeza likizo ijayo tuanze na daftari kabla ya chaki.

Mwende nyumba kwa nyumba, mkitanguliwa na imamu au mwenyekiti wa LC1 ili watu wasiwaogope, na muandike kila mtoto wa miaka 6 hadi 16, wa Kiislamu na asiye Mwislamu, anayesoma na asiyesoma, pamoja na wasichana wenye watoto mgongoni. Hao wa mwisho hawatatajwa msipouliza. Orodha hii ndiyo namba ya chini ya sehemu, na ikishaandikwa haipunguzwi.

Kisha mpime, kwa ruhusa ya mzazi, mtoto mmoja mmoja, mbali na macho ya wenzake. Kutojua kusoma katika umri wa miaka 12 ni aibu ambayo mtoto ameificha kwa ustadi mkubwa. Ni amana kwenu. Mtumie karatasi mbili, moja ya Kiingereza na moja ya lugha ya eneo. Katika shule nyingi za nje ya mji madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na anayeshindwa Kiingereza huenda anasoma Luganda au Lusoga bila taabu. Huyo shida yake ni nyingine na dawa yake ni nyingine. Mpimaji asiwe mwalimu wa mtoto huyohuyo, mbadilishane. Moyo wa mwalimu humsaidia mtoto neno la tatu bila yeye mwenyewe kujua.

Mkirudi likizo inayofuata, chukueni orodha ileile na hadithi nyingine yenye ugumu uleule. Kila jina litafutwe. Aliyehama aandikwe amehama, aliyeolewa aandikwe ameolewa, asiyejulikana alipo aandikwe hakupatikana. Ripoti itaje walioanza wangapi, waliopimwa mara ya pili wangapi, na kati ya waliokuwa hawajui herufi, wangapi wamesogea. Hao wa mwisho watajwe kwa hesabu yao peke yao, wasichanganywe na wale waliokuwa wakisoma hadithi tangu mwanzo.

Daftari liandikwe nakala mbili. Moja tuje nayo chuoni, nyingine ibaki kwa imamu, kwa sababu sisi tutahitimu na kuondoka, na watoto wale watakuwa bado wako pale.